Kusomea Ustawi wa Jamii Unguja na Pemba: Mwongozo Kamili kwa Anayeanza

Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yakitoka, simu yangu haipoi. "Dada, mwanangu kapata D nne na C moja, anapenda sana kusaidia watu. Asome nini?" Hayo maneno ya mwisho, "anapenda kusaidia watu," ndiyo yanayonitia wasiwasi. Mapenzi ni mtaji mzuri, lakini anayekuja kwenye ustawi wa jamii na mtaji huo peke yake ama hukimbia mwaka wa pili, ama hubaki akawa hatari kwa hao hao anaotaka kuwasaidia. Kazi hii ina elimu yake, ina sheria zake, na ina ufundi wake. Sehemu kubwa ya ufundi ni kukaa kwenye mkeka wa mtu, ukamsikiliza, ukaondoka na siri yake, kisha ukaandika ulichokiona bila kutia chumvi.

Mimi ni Mpemba. Nilianzia cheti, nikapanda taratibu, na nimefanya kazi visiwa vyote viwili. Haya ndiyo ninayowaambia wanaonipigia, isipokuwa kwa simu salio huisha kabla hatujafika katikati.

Hatua ya 1: Iangalie kazi kabla ya kujaza fomu

Kwanza tenganisha mambo mawili ambayo hata wazee wetu huyachanganya. Afisa maendeleo ya jamii hushughulika zaidi na vikundi, ushirika, miradi na uhamasishaji. Afisa ustawi wa jamii hushughulika na mtu na familia yake waliokwama: mtoto aliyedhalilishwa (kwetu ni kufanyiwa ukatili, hasa wa kingono), mzee aliyeachwa peke yake, mke na mume wanaogombania matunzo ya watoto, kijana anayetoka kwenye dawa za kulevya. Kama unapenda mikutano na mipango ya shehia nzima (mtaa au kijiji kilicho chini ya sheha), huenda njia yako ni ile ya kwanza, na si aibu kulijua hilo mapema.

Baada ya hapo tafuta wiki mbili za kujitolea. Serikali ina nyumba za wazee Sebleni na Welezo kwa Unguja, na Limbani, Wete, kwa Pemba. Kuna nyumba ya watoto Mazizini, na kijiji cha watoto cha SOS pale mtaa wa Mombasa, Unguja. Usiende mikono mitupu ukasema "nimekuja kuona". Nenda na barua ya sheha au ya skuli yako, pitia ofisi inayohusika, na sema utafanya nini.

Ukipokewa kwa wazee, usikimbilie kupiga nao picha. Mfuate mhudumu anayeogesha. Muone anavyomgeuza mzee asiyeweza kuinuka: kila baada ya saa mbili, ubavu hadi ubavu, huku akikagua visigino, nyonga na mgongo wa chini, kwa sababu hapo ndipo kidonda cha kitandani huanza, kwanza kama wekundu tu usiofutika ukibonyezwa (na kwa mtu mweusi sana hata huo wekundu hauonekani vizuri, itabidi upapase uone kama pana joto au pamekuwa pagumu). Sikia harufu. Sikiliza mzee akikuuliza swali moja mara kumi na mbili. Ukitoka hapo siku ya kumi na nne bado unaitaka kazi, sasa tuzungumze fomu.

Vituo vya Mkono kwa Mkono, vile vya hospitali vinavyopokea waliodhalilishwa, usiombe kwenda kutalii. Wanaoingia pale hawahitaji macho ya ziada.

Hatua ya 2: Chagua mlango kulingana na matokeo yako

Milango ni mitatu. Wa cheti, ambao wenyewe vyuo huuita NTA ngazi ya 4, unataka ufaulu wa angalau D nne za kidato cha nne. Hapa vijana wetu wengi hujikwaa: somo la dini halihesabiwi. Mtu ana D tatu na B ya Elimu ya Dini ya Kiislamu, anajiona ana nne. Mfumo unamuona ana tatu. Hesabu upya kabla ya kulipa ada ya maombi.

Cheti ni mwaka mmoja, halafu unapanda ngazi ya 5 na ya 6, ambayo ndiyo diploma. Aliyemaliza kidato cha sita akapata angalau principal moja (ufaulu kamili wa somo, A hadi E) na subsidiari moja (ufaulu mdogo, S) huingia diploma moja kwa moja. Kwa shahada, unahitaji principal mbili zenye jumla ya pointi 4 au zaidi; kwa kuwa A ni 5 na D ni 2, D mbili zinakufikisha. Mwenye diploma huingia shahada kwa GPA, yaani wastani wa alama zake, ya 3.0 kwenda juu. Vyuo huweza kuongeza masharti yao, kwa hiyo soma tangazo la mwaka huo.

Rai yangu, ambayo wazazi hawaipendi: kama umri unaruhusu na D zako ni za kubahatisha, anzia cheti. Anayeanzia chini huenda mafunzo ya vitendo mara nyingi zaidi, na akifika shahada huwa ameshakaa na familia zenye kesi ishirini wakati mwenzake bado anakariri nadharia. Mimi nilicheka nilipoambiwa hivi. Leo ndilo jambo ninaloshukuru.

Jambo dogo linalokwamisha watu wakubwa ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Khamis Juma Ali, cheti cha skuli kinasema Hamisi Juma. Rekebisha sasa. Pata cheti chako cha kuzaliwa na kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi kutoka ofisi ya usajili wa matukio ya kijamii ya wilaya yako, halafu linganisha herufi kwa herufi na jina lililosajiliwa kwenye namba yako ya mtihani. Ukingojea dirisha la maombi lifunguliwe, utakuwa kwenye foleni na wenzako mia waliongojea pia.

Hatua ya 3: Chagua chuo, ukijua unachokikosa

Nyumbani tuna SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999, makao yake Tunguu, chenye masomo ya ustawi wa jamii. Ng'ambo kuna kile ambacho kila mtu wa kazi hii anakijua kwa jina la mtaa: Kijitonyama. Ndiyo Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Dar es Salaam, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, na maofisa wengi wa zamani wa visiwani wamepita pale. Kwa mama mwenye watoto au mtu aliye kazini, Chuo Kikuu Huria kina vituo Unguja na Pemba, na unaweza kusoma bila kuhama. Bububu ipo kampasi ya Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, yenye kozi za jirani na fani hii. Soma jina la kozi mpaka mwisho kabla hujajaza, kwa sababu jirani si mwenye nyumba.

Chuo chochote kingine, hakiki: cheti na diploma kwa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi na vya kati, shahada kwa TCU, tume ya vyuo vikuu. Ukiambiwa "usajili uko njiani", na wewe pita njia yako.

Wanaokwenda Dar wajue hili, maana mimi hakuna aliyeniambia. Sheria ya mtoto utakayofundishwa kule ni ya Tanzania Bara, namba 21 ya mwaka 2009. Zanzibar tuna yetu, Sheria ya Mtoto namba 6 ya mwaka 2011. Zote zinasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18, lakini si pacha. Yetu inaitambua kafala, yaani kumlea mtoto asiye wako kwa utaratibu wa Kiislamu, akabaki na nasaba yake na jina la baba yake. Tena huku ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu hufika Mahakama ya Kadhi, ambayo Bara haimo katika mfumo wa mahakama za Serikali. Nilirudi nyumbani na alama nzuri za sheria, nikakaa mbele ya bibi aliyeniuliza kuhusu kafala ya mjukuu wa marehemu shoga yake, nikawa natabasamu tu. Ukisoma Bara, pakua sheria ya Zanzibar likizo ya kwanza, uisome mara mbili, uandike pembeni wapi zinatofautiana.

Hatua ya 4: Pesa

Kwa shahada, Mzanzibari anaweza kuomba Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, na ipo ile ya Muungano, HESLB. Mwanafunzi mmoja hakopeshwi na zote mbili. Kwa cheti na diploma jipange kwa mfuko wa nyumbani kwanza. Wengi wetu tumesomeshwa na karafuu za msimu mmoja, mahari ya dada na mchango wa mjomba. Andika nani katoa nini, ndugu hukumbushana. Katika bajeti usisahau nauli za mafunzo ya vitendo. Ada watu huipigia hesabu, nauli ya kila siku kutoka Micheweni hadi Chake hawaipigii.

Hatua ya 5: Jinsi ya kusoma masomo yenyewe

Utasoma makuzi ya binadamu, sosholojia, sheria, maadili ya kazi, ushauri nasaha, utafiti, na namna ya kufanya kazi na mtu mmoja, kikundi na jamii. Si masomo ya kutisha. Linalotisha ni kwamba mtihani ni wa Kiingereza na mhitaji wako ni mtu wa Kojani, kisiwa kidogo cha Pemba.

Dawa niliyoiona ni daftari la safu mbili. Kushoto neno la darasani, kulia namna bibi yako angelisema. Darasani utafundishwa dalili za sonona, bibi hatakuambia ana sonona, atakuambia "silali, sili, kifua kimenijaa, na wala siumwi." Darasani mtoto "ametelekezwa", nyumbani "babake kamtupa mkono." Darasani kifafa ni ugonjwa wa ubongo, nyumbani ni shetani, na mganga ameshalipwa. Usianze kwa kumtukana mganga. Uliza: mgonjwa anaanguka mara ngapi kwa wiki, aliungua lini, dawa za hospitali aliacha lini? Majibu hayo ndiyo utakayokwenda nayo kwa daktari, na familia itakuwa bado inakupokea. Daftari langu lilijaa mwaka wa kwanza tu, na limenifaa kuliko kitabu chochote cha maktaba.

Hatua ya 6: Fildi, na kujifunza kuandika

Mafunzo ya vitendo, au fildi kama tunavyoita, ndipo mtu anapopikwa. Omba ofisi ya ustawi ya wilaya badala ya ofisi kubwa yenye kiyoyozi. Makao makuu utapanga mafaili, wilayani utatoka.

Jifunze kuandika taarifa ya ziara. Hii ni ya mwanafunzi mmoja niliyemsimamia, na niliirudisha:

"Nimekuta nyumba chafu na bibi mkali. Mtoto anateswa."

Tulikaa naye, nikamuuliza aliona nini, saa ngapi, nani alisema nini. Ikawa hivi:

"Nimefika saa 4:20 asubuhi. Mtoto wa kiume, umri miaka 7 kwa maelezo ya bibi yake, alikuwa ukumbini, hakwenda skuli. Mkono wa kushoto, chini ya kiwiko, una alama tatu za mistari, kila moja urefu wa kama kidole. Nilipouliza, bibi alisema: 'Kaanguka mkarafuuni.' Mtoto hakujibu. Alimtazama bibi yake."

Taarifa ya kwanza ni hukumu, wakili ataichana. Ya pili inaweza kusimama mahakamani, tena haijamtukana mtu. Kanuni ni aya tatu zisizochanganyika: nilichokiona, nilichoambiwa, ninachodhani. Cha tatu kinaruhusiwa, ila kikae mahali pake na kijulikane kuwa ni dhana. Na maneno ya mtu yaandike kama alivyosema, hata kama Kiswahili chake si cha gazetini. "Mkarafuuni" ya yule bibi ndiyo iliyotufanya tuulize mtoto wa miaka 7 alifikaje juu ya mkarafuu wakati msimu haujaanza.

Siri nilijifunza kwa kuvuja. Nikiwa fildi, ndani ya daladala, nilimsimulia mwenzangu kesi ya asubuhi. Sikutaja jina. Nilitaja kijiji, na kwamba mume ni mvuvi, na kwamba ana mguu mbovu. Mama aliyekaa mbele yetu akageuka, akanitazama, akashuka kituo kilichofuata. Jioni mhitaji wangu alishajua kuwa habari zake zinatembea na gari. Hakufungua mlango tena. Kisiwani jina halihitajiki. Mguu mbovu unatosha.

Hatua ya 7: Muhali

Hili hupewa nafasi ndogo kwenye silabasi, nami ningeliweka mwaka wa kwanza. Muhali ni kule kuona vibaya kumshitaki au kumkatalia mtu kwa sababu ni ndugu, ni jirani, alikuja kwenye maziko ya baba yako. Muhali huo huo ndio unaompelekea mzee asiye na mtoto sahani ya futari kila magharibi, kwa hiyo usije ukauona ni ujinga wa kijijini. Lakini kwenye udhalilishaji wa watoto ndiyo mwamba kesi zinakovunjikia. Familia mbili hukaa, mzee mmoja husoma dua, pesa hubadilishana mikono, huitwa sulhu, na shahidi husahau ghafla.

Itafika siku moja utaambiwa: "Mwanangu, haya ya nyumbani, tumeshayamaliza." Usibishane, wala usinyamaze. Mimi husema: "Sawa mama, mliyoyamaliza ni ya wakubwa. Ya mtoto ndiyo kwanza yanaanza." Kisha naeleza yanayofuata, polepole, kwa mpangilio, bila vitisho.

Mpangilio wenyewe uwe kichwani kama Alhamdu. Mtoto asiogeshwe wala nguo zisifuliwe kabla ya kuonwa na daktari. Nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, maana kwenye plastiki huota ukungu. Apelekwe kituo cha Mkono kwa Mkono siku hiyo hiyo: pale anapata daktari, polisi na mshauri mahali pamoja, badala ya kusimulia lile lile kwenye milango mitatu. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zina maana zikianzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita ni hasara, kwa hiyo kikao cha ukoo cha "tungoje Ijumaa" kina gharama ambayo familia haijaambiwa. Waambie. Usiku, au kijiji kikiwa mbali, ipo namba 116 ya kusaidia watoto, kupiga ni bure. Na wewe usimhoji mtoto mara tatu kwa hamu ya kujua. Pokea alichosema, kiandike, mkabidhi kwa aliyefunzwa kuhoji.

Kesi ikimhusu ndugu yako? Toa taarifa kwa mkuu wako kwa maandishi siku hiyo hiyo, faili lipewe mwingine. Kisiwani hili litakufika, tena mapema kuliko unavyodhani.

Hatua ya 8: Kazi iko wapi

Mwajiri mkubwa ni Serikali, kupitia Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wazee na Watoto na ofisi zake za wilaya. Nafasi ni chache na hungojewa. Wengine hufanya kazi hospitali, pamoja na Kidongo Chekundu kwenye wagonjwa wa akili, ambako pia methadoni, dawa wanayopewa wanaoacha heroini, ilianza kutolewa mwaka 2015. Wengine wako nyumba za soba (wanakokaa wanaojinasua na dawa za kulevya), mahakamani, na Chuo cha Mafunzo (kwa mgeni: kwetu hilo ndilo jina la gereza, usiombe kwenda kusoma huko). Jumuiya za watu wenye ulemavu, za wazee na za wanawake huajiri kwa mikataba ya miradi, ambayo mradi ukiisha nayo huisha.

Wakati unangoja, jifunze Pensheni Jamii kwa undani. Tangu Aprili 2016 kila Mzanzibari mkaazi aliyetimiza miaka 70 hulipwa na Serikali kila mwezi, bila kujali aliwahi kuajiriwa au la. Ilianza kwa shilingi 20,000, baadaye ikapandishwa. Wapo wazee wasioipata kwa sababu ya kitambulisho kilichopotea au umri ulioandikwa vibaya. Ukijitolea kwa sheha wako kuwasaidia kumi tu kupanga karatasi zao, utakuwa umejifunza mfumo kuliko semina ya siku tatu, na kwenye usaili utakuwa na la kusema.

Ukipata kituo, siku ya kwanza usifungue kompyuta. Nenda kwa sheha, umuamkie, ukae hata saa nzima, unywe chai ukipewa. Muulize mambo manne: nani ana gari usiku, mkunga wa karibu ni nani, mzee gani anaishi peke yake, na ni nyumba gani watu huipita wakainamisha kichwa. Hilo la mwisho hatalijibu siku hiyo. Rudi wiki ijayo. Namba za simu utakazopewa ziandike kwenye daftari la karatasi, ya Dawati la Jinsia la polisi ikiwa juu kabisa, kwa sababu usiku utakaozihitaji ndio usiku umeme utakapokuwa umekatika na simu haina chaji.